Shangazi, picha moja inamsafisha mmoja na kumchafua rafiki yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mpiga picha wa jarida la wanafunzi chuoni kwetu. Kazi yenyewe hailipi. Unapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, unaazimwa kamera ya jarida, na picha ikitoka jina lako linaandikwa chini yake kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Nilijiunga mwaka wa kwanza kwa sababu ya kupenda kamera, nikabaki kwa sababu watu wamenizoea. Mahafali, mechi za mabweni, kampeni za serikali ya wanafunzi, mpaka foleni za usajili, kote nimo. Nikitokea na kamera hakuna anayejipanga tena; kila mtu anaendelea na lake.

Muhula huu kulikuwa na mgomo wa kupinga kupandishwa kwa ada. Mchana kutwa ulikwenda kwa amani: nyimbo, mabango, hotuba. Jioni mambo yakaharibika. Kundi la watu likasogea kwenye jengo la utawala, dirisha kubwa la mbele likavunjwa, na mlinzi mmoja akakatwa mkono na vioo. Nilikuwepo, nimesimama juu ya ukingo wa bustani, nikipiga mfululizo huku mwanga ukizidi kufifia. Jarida lilichapisha picha chache za mchana na moja ya vioo vikiwa chini. Zilizobaki ziko kwenye kadi na kwenye kompyuta yangu.

Usiku nilipozipitia moja baada ya nyingine ndipo nilipoona. Katika fremu moja, upande wa kushoto, yumo rafiki yangu wa karibu ambaye tunaishi chumba kimoja. Ameinua kiti juu ya kichwa, na dirisha lililo mbele yake bado ni zima. Nikaikuza picha mpaka ikaanza kuwa vidoto vidoto. Ni yeye. Kamba ya bluu ya funguo za chumba chetu inaning'inia mfukoni mwake. Fremu inayofuata ni mgongo wa mtu aliyepita mbele ya lenzi, giza tupu. Inayofuata hiyo, vioo viko chini na rafiki yangu ana mikono mitupu.

Kama ingeishia hapo, labda ningeikalia kimya na roho ingeniuma peke yangu. Lakini upande wa kulia wa fremu hiyo hiyo, mbali kule, kuna mwanafunzi mwingine kwenye ngazi za maktaba, ameshika kipaza sauti, amelipa mgongo jengo la utawala. Huyo ndiye aliyesimamishwa masomo akisubiri kikao cha kamati ya nidhamu, kwa tuhuma za kuvunja dirisha hilo hilo. Simfahamu zaidi ya kusalimiana. Tangu mwanzo amekuwa akisema hakuwa karibu, na picha yangu inasema hivyo hivyo.

Sasa kamati imeliandikia jarida barua ikitaka picha zote za siku ile, zilizochapishwa na zisizochapishwa. Mhariri mkuu anasema tukabidhi tu, jarida linachapwa kwa fedha za chuo na tukileta ubishi tutafungiwa ofisi. Mwenzangu wa dawati la picha anasema nifute, nani atajua, maana wanafunzi wakishaona picha zetu zinaishia kwenye kamati hakuna atakayekubali tena kupigwa. Mimi nimefikiria njia nyingine: niikate ile fremu, nibakize upande wa kulia peke yake, nimpelekee yule aliyesimamishwa bila kutaja jina langu. Nimeshaikata kwa majaribio. Imekaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Rafiki yangu hajui kuwa picha hiyo ipo. Aliniambia siku ile aliondoka mapema. Vitanda vyetu vinatazamana, Shangazi, na kikao kimekaribia. Nifanyeje?

Wako,
Nyuma ya Lenzi

*

Marahaba mwanangu,

Umeandika kwa utulivu ambao naona wazi huna. Asante kwa kuniamini na jambo zito kiasi hiki.

Ukiisoma barua yako kwa haraka utadhani ni habari ya watu wawili, wewe na rafiki yako, na kamati imesimama mlangoni. Nilipoirudia nikaona wengi zaidi. Yuko kijana wa kwenye ngazi za maktaba, ambaye muhula wake umesimama. Wako wanafunzi wote walioimba mchana wakakuruhusu usogee karibu na nyuso zao. Na yuko mlinzi, uliyemtaja katika sentensi moja kisha hakuonekana tena. Sikulaumu, mtu aliyebanwa huona kilicho karibu naye. Lakini huyo mlinzi alikuwa kazini, akaondoka na jeraha, naye pia angependa kujua nani alivunja dirisha.

Tuanze na picha yenyewe, maana mengine yote umeyajenga juu yake. Unasema inamchafua rafiki yako. Hebu tuiangalie kama vile hatumjui aliyemo. Kuna mtu ameinua kiti na dirisha ni zima. Kisha giza. Kisha vioo viko chini na mikono haina kitu. Kilichotokea wakati ule wa giza hukukiona, umekijaza mwenyewe. Huenda umekijaza sawasawa. Huenda pia jiwe lilitoka kwa mwingine, au kiti kilikuwa kinapitishwa juu ya vichwa vya watu ili kitolewe njiani. Simtetei rafiki yako; siwezi kumtetea mtu nisiyemjua. Ninachotaka ni utenganishe ulichokipiga na ulichokihitimisha, kwa sababu ukiitwa mbele ya watu utaulizwa hicho cha kwanza, na ulimi utataka kujibu cha pili.

Na kama ni ukali, tuupeleke hata upande wa kulia. Picha inaonyesha yule kijana yuko mbali wakati dirisha bado zima. Je, kati ya fremu hiyo na ile ya vioo ulipita muda gani? Wewe unajua kuliko mimi kwamba kamera huandika ndani ya faili saa ya kila picha mpaka sekunde. Kama kidole chako hakikuachia kitufe na ni sekunde moja au mbili, hakuna mtu wa kutoka ngazi za maktaba akafika dirishani. Kama uliachia kidole ukarekebisha mwanga na dakika ikapita, basi fremu hiyo ina nguvu ndogo kuliko unavyoamini, kwa kumwokoa mmoja na kwa kumtia hatiani mwingine pia. Kamera za kuazimana mara nyingi saa zake haziko sawa, kwa hiyo piga picha ya saa ya simu yako kwa kamera ile ile, ulinganishe na kilichoandikwa kwenye faili. Hata saa ikiwa imekosewa, tofauti kati ya fremu na fremu inabaki kuwa ya kweli. Fanya hivyo kabla ya kukosa usingizi usiku mwingine.

Sasa hiyo fremu uliyoikata. Kukata picha ni kazi ya kila siku ya mpiga picha, unakata anga iliyozidi, unakata mkono wa mtu aliyejipenyeza pembeni. Safari hii unataka kumkata mtu kwa sababu ya yeye ni nani. Nielewe, naona ulichokitafuta: haki itendeke kwa mmoja bila kumuumiza mwingine. Tatizo la kwanza ni la vitendo. Picha isiyo na mwenyewe, isiyo na faili la awali, ikiletwa na mtuhumiwa mwenyewe, itapokelewa kama karatasi iliyookotwa. Swali la kwanza litakuwa "nzima iko wapi?" na atakayelijibu ni yule kijana, ambaye hajui. Tatizo la pili ni baya zaidi. Siku fremu nzima ikijitokeza, upande wa kulia ambao ni wa kweli nao utaanza kutiliwa shaka.

Unaikumbuka picha ya Chuo Kikuu cha Kent State, kule Marekani? Tarehe 4 Mei 1970 askari wa kikosi cha akiba walifyatulia wanafunzi risasi, wakaua wanne. John Filo, naye akiwa mwanafunzi mpiga picha, akampiga picha msichana aliyepiga magoti akilia kando ya maiti, na mwaka uliofuata akapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani. Nyuma ya kichwa cha msichana kulikuwa na nguzo ya uzio. Katika baadhi ya nakala zilizochapishwa baadaye nguzo hiyo ilifutwa ili picha ipendeze, na mpaka leo watu wanaojadili uaminifu wa picha huitaja nguzo hiyo. Ilikuwa nguzo tu, haikubadilisha chochote juu ya nani aliua na nani alikufa. Lakini kilichonifanya niikumbuke picha hiyo nilipokuwa nasoma barua yako ni msichana mwenyewe, Mary Ann Vecchio. Alikuwa na miaka 14, ametoroka kwao Florida, wala hakuwa mwanafunzi wa pale. Picha ilimfanya atambulike, akarudishwa nyumbani, akaandikiwa barua za matusi, na maisha yake yakaandamwa na sekunde ile kwa miaka mingi. Aliyepiga hakufanya kosa lolote. Uzito ulimwangukia aliyepigwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo sishangai mwenzako wa dawati la picha kusema ufute. Hoja yake kuhusu imani ya wanafunzi ni ya kweli kabisa na nisingependa uipuuze. Lakini kufuta nako kuna mambo yake. Faili lililofutwa kwenye kadi mara nyingi hurudishwa kwa programu za kawaida mradi halijaandikiwa kitu kingine juu yake. Kompyuta yako huenda inahifadhi nakala mtandaoni bila kukuuliza. Na je, folda ya pamoja ya jarida, hukupakia picha zote kule usiku ule ili mpangaji kurasa achague? Hata kama hakuna nakala nyingine, kuna suala la wakati. Kufuta kabla hujaombwa ni utaratibu wa kazi. Kufuta baada ya barua kufika, vyuo vingi vitalihesabu kuwa kosa la kinidhamu linalojitegemea, nalo litakuwa lako peke yako. Tena ukifuta upande wa kushoto, umeufuta na wa kulia.

Kukataa kata kata kuna heshima yake katika uandishi wa habari. Waandishi kote duniani hutetea picha na daftari ambazo hazijachapishwa, kwa sababu chanzo akijua mwandishi ni mkono wa polisi, atanyamaza. Ila ulinzi huo hutegemea sheria ya mahali, na hauji wenyewe kwa kuwa umevaa kitambulisho. Aprili 1971 polisi waliingia na hati ya upekuzi katika ofisi za Stanford Daily, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakitafuta picha za vurugu zilizotokea kwenye hospitali ya chuo, ambako askari walijeruhiwa. Gazeti hilo lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba huharibu picha zinazoweza kuwatia hatiani waandamanaji. Polisi wakapekua makabati, madawati, vyumba vya kusafishia picha na hata vikapu vya taka; walichopata ni picha zilizokwisha kuchapishwa. Wanafunzi wakashtaki. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema upekuzi ule ulikuwa halali, na Bunge la nchi hiyo likalazimika kutunga sheria mwaka 1980 ili kuubana upekuzi wa aina hiyo. Ona basi: hata wao, wakiwa na mawakili na sera iliyotangazwa mapema, walishindwa katika mahakama ya mwisho. Je, jarida lenu lina sera yoyote iliyoandikwa? Na kanuni za nidhamu ulizotia saini siku ya usajili zinasema nini kuhusu kukataa kutoa ushahidi? Zisome, hata kama hakuna anayezisomaga. Usije ukategemea hakimiliki peke yake. Kwa kawaida aliyepiga ndiye mwenye hakimiliki mpaka mkataba useme vinginevyo, lakini kuwa mwenye picha hakumaanishi kuwa huwezi kutakiwa kuionyesha.

Upande wa mhariri wako, naye namwelewa. Ana toleo la kutoa na ofisi anayoweza kufungiwa. Ningemuuliza tu kama kuna mtu aliyetamka neno "kufunga", au ni hofu iliyojitungia. Kisha ningemwonyesha kwamba barua inataka mengi kuliko tuhuma yenyewe. Tuhuma ni ya dirisha moja, jioni moja. Picha "zote za siku ile" ni pamoja na nyuso za watu walioimba saa sita mchana na hawakugusa hata jani. Kukabidhi zote ni kuwapelekea watu wasiotuhumiwa mezani kwa kamati, na kitakachofanywa na picha hizo baadaye hutakijua. Jarida linaweza kujibu kwa adabu na kuuliza: mnahitaji hasa nini, kwa kanuni ipi, zitatumikaje, nani atazihifadhi? Linaweza kutoa dakika zile za dirisha na kubakiza zingine. Njia hiyo inawalinda wengi, ila haimlindi rafiki yako, na sitaki ufike kwenye kikao ukidhani inamlinda.

Barua imeandikwa kwa jarida, sivyo? Mbona basi umeibeba wewe kama imeandikwa kwa jina lako? Yupo mlezi wa jarida. Kama chuo chenu kina kitivo cha sheria, huenda kuna dawati la msaada wa kisheria linalosikiliza wanafunzi bila malipo. Unaweza kuwaeleza swali zima bila kutaja jina la mtu na bila kuwaonyesha picha.

Nimeliacha la rafiki yako mpaka sasa kwa sababu ndilo linalouma. Umezungumza na mhariri, na mwenzako, na mimi. Yeye bado. Alikuambia aliondoka mapema, ukaona kamba ya funguo, na tangu hapo umeshamhukumu uongo. Pengine ni uongo. Pengine ni mtu aliyeogopa akasema la kwanza lililomjia mdomoni, na sasa hajui pa kulirudishia. Ukimwambia ulichokiona, anapata nafasi ambayo kamati haitampa: kwenda mwenyewe kabla hajaitwa. Kuna hatari zake. Anaweza kukuomba ufute, na utakuwa unamkatalia mtu mnayelala chumba kimoja. Anaweza kukasirika akakuhama. Na akikueleza kilichotokea, unatoka kuwa mwenye picha unakuwa shahidi wa maneno yake. Ukiulizwa kama aliwahi kukuambia lolote, utajibu nini? Litafakari kabla hujafungua mdomo, hata umwambie mapema: "Usinisimulie, mimi nakueleza tu kilichopo." Usipomwambia nako, huenda akaiona picha hiyo kwa mara ya kwanza kikaoni, akakumbuka usiku wote ulioizima taa ukamwambia lala salama.

Halafu yule wa kwenye ngazi. Unasema humfahamu zaidi ya salamu, na nimehisi kama sentensi hiyo inataka kupunguza uzito wake. Ukinyamaza, gharama ya kunyamaza hailipwi na wewe wala na rafiki yako, inalipwa na yeye. Unaweza kwenda kikaoni kama shahidi na kusema kwa mdomo ulipomwona amesimama, bila kuanza na picha. Ila usimwahidi nusu. Mtu wa kwanza atakayekuuliza "una picha nyingine?" atakuwa amefungua kila ulichotaka kukifunga, na hapo utahitaji jibu uliloliamua ukiwa na akili tulivu.

Sitakuchagulia, mwanangu. Kati ya njia hizi hakuna isiyo na mtu atakayeumia, na wewe ndiye utakayeishi na hao watu. Ila kuna mambo ya kufanya leo ambayo hayakufungi popote. Itoe kadi kwenye kamera, usiipigie tena. Tengeneza nakala moja kamili, uijue iko wapi. Angalia ni nani mwingine anaweza kufungua folda ya pamoja. Ile uliyoikata iandike wazi kwamba imekatwa, isije ikachanganywa na faili la awali. Pima hizo sekunde. Ukishajua kama ni mbili au sitini, niandikie tena kabla ya kikao. Huenda mazungumzo yetu yakawa tofauti kabisa.

Shangazi